Bakuli la Minza

Hapo zamani, zamani ya kabla mtu hajajua kuinua macho juu akipatwa na shida, palikuwa na watu wa Ilumba. Msiniulize Ilumba ni wapi. Nimewauliza watu waliotembea kuliko mimi, nao hawajui. Ninachojua ni kwamba walilima uwele na mtama, walifinyanga udongo, na walikuwa watu wazuri tu kama ninyi, nikikutoa wewe hapo unayeniangalia kana kwamba nimeshaanza kudanganya.

Watu wa Ilumba hawakuwa na mungu. Si kwamba walimkataa, hawakuwahi kumsikia. Mvua ikinyesha walisema inanyesha. Isiponyesha walisema hainyeshi. Na mtu akifa walisema amekwisha, kama wewe unavyosema unga umekwisha, wala hawakuwa na nia mbaya.

Mila yao ilikuwa hivi. Mtoto akiota meno anafinyangiwa bakuli lake. Kabla udongo haujakauka, mama anakishika kidole gumba cha mtoto na kukikandamiza ukingoni, kinaacha kishimo. Kwa kishimo hicho bakuli linajulikana ni la nani. Mtu anakula humo maisha yake yote. Siku akifa, kabla jua halijatua, bakuli lake linavunjwa juu ya mwamba wa kupuria nafaka, na kuanzia hapo jina lake halitajwi tena. Ukilitaja, watu wanakutazama kama umetema mate kwenye chungu cha wote.

Haya. Sasa kaeni vizuri.

Palikuwa na mjane, Nyanzobe. Mumewe alikuwa amekwisha, bakuli limevunjwa, jina halitajwi, na mimi pia silitaji. Alibaki na binti mmoja, Minza, wa miaka minane, mwenye pengo la mbele na maneno mengi. Waliishi pamoja na Bibi Kwandu, mama mkwe wake Nyanzobe. Nyumba ya pili ilikuwa ya shemeji yake, Lushinge, mrina asali, mtu mpole asiyemaliza sentensi.

Homa ikamshika Minza siku tatu. Siku ya nne asubuhi, Minza akaisha.

Watu wakaja, wakalia, wakazika. Jua lilipoanza kuinama wakasema, "Nyanzobe, lete bakuli."

Nyanzobe akaingia ndani. Palikuwa na mabakuli matatu. Akalishika la Minza. Kidole gumba chake kikaangukia kwenye kile kishimo kidogo, kikakijaza, kikazidi. Akasimama hapo. Nje wakaita tena. Akalirudisha la Minza mahali pake, akatoka na bakuli lake mwenyewe. Waliokuwa nje walikuwa wanalia, na mwenye machozi haangalii alama. Wakalivunja mwambani, wakaenda zao.

Hivyo basi, kwa mila ya Ilumba, aliyekwisha siku ile ni Nyanzobe. Kuanzia siku ile mama yule alikula kwenye kiganja cha mkono. Lishikeni hilo, tutalihitaji.

Siku ya kumi Nyanzobe akasonga ugali wa uwele, akapakua. Wa mama mkwe. Wa Minza. Ndipo akakumbuka. Mkono ulikuwa umepakua wenyewe, kwa mazoea. Na Ilumba chakula kilichopakuliwa hakirudishwi chunguni, ni mwiko. Kumpa mtu mwingine bakuli la Minza angempaje? Watu wangejua halikuvunjwa. Akalichukua bakuli lile na ugali wake, akaliweka nyuma ya nyumba, chini ya upenu, akalifunika kwa ungo.

Alasiri akaenda kutazama. Ungo umesogezwa. Bakuli tupu, safi, limelambwa.

Nyanzobe akakaa chini palepale. Hakulia. Alishangaa tu, kama mtu aliyeitwa jina lake njiani na akigeuka haoni mtu. Kesho yake akapakua tena, safari hii kwa kusudi.

Huyo ndiye wa kwanza. Mshikeni.

Sasa Lushinge. Lushinge alikuwa mtu wa porini, anasoma nyayo kama wewe unavyosoma uso wa mkeo. Siku ya pili ya bakuli lile, akipita nyuma ya nyumba ya shemeji yake, akaona bakuli, akaona ungo, akaona kwenye vumbi nyayo ndogo za kucha ndefu. Nguchiro. Nguchiro mwenye watoto wawili, na mmoja wao anachechemea. Akacheka kimoyomoyo. Akataka kwenda kumwambia, "Shemeji, unafuga nguchiro."

Ndipo akamwona Nyanzobe anakuja, amevaa vazi la majani alilolisuka upya, amejipaka mafuta. Tangu msiba alikuwa hajajipaka mafuta. Lushinge akarudi nyuma ya ukuta. Nyanzobe alipoondoka, Lushinge akakata tawi lenye majani, akazifuta zile nyayo moja moja. Na kesho yake akafuta. Na kesho kutwa. Hakumwambia mtu.

Huyo wa pili. Mshikeni.

Jirani yao alikuwa na binti wa miaka sita, Holo, aliyekuwa rafiki wa Minza wa kucheza baba na mama. Holo akapenya mpaka kule nyuma, maana watoto hawana mlango wasiopita. Akaona bakuli limejaa. Akarudi baadaye, akaona tupu. Akamfuata Bibi Kwandu, aliyekuwa anachambua kunde uani.

"Bibi, lile si bakuli la Minza?"

Jina limetajwa! Bibi Kwandu angeweza kumfukuza. Mtu mzima yeyote wa Ilumba angemfukuza. Lakini mchana uleule, jua kali, bibi alikuwa amesinzia na kunde mapajani, akaota. Alimwona Minza amesimama mlangoni. Amerefuka kidogo, na pengo limeanza kuota jino. Bibi alizinduka jina hilo likiwa mdomoni mwake.

"Ndilo," akasema.

"Nani anakula?"

"Mwenyewe."

"Si amekwisha?"

"Nimemwona sasa hivi. Ameota jino."

Holo akafikiri. Mnawajua watoto. Ukimpa jibu moja, anarudi na kapu.

"Anakaa wapi?"

"Mahali."

"Peke yake? Mtoto anakaa peke yake?"

Bibi Kwandu akaacha kuchambua kunde. Kusema kweli, swali hilo lilimchoma. Alikuwa hajaliwaza. Mtoto wa miaka minane, ugenini, nani anamchotea maji? Nani anamfungia mlango? Huko Ilumba mgeni hakai bila mwenyeji, hata awe mkubwa, sembuse mtoto.

"Hayuko peke yake," akasema polepole. "Yupo kwa Mwenyeji."

"Mwenyeji gani?"

"Mwenye mahali hapo. Anawapokea wote. Na babu zako wapo kwake."

"Ana nyumba kubwa?"

"Kubwa sana, mjukuu wangu. Itatosha vipi isipokuwa kubwa?"

Holo akakimbia. Kufika jioni, Ilumba nzima ilikuwa inajua. Waliosikia walikunja uso kwanza. Halafu mmoja mmoja, kwa haya, wakaanza kupita nyuma ya nyumba ya Nyanzobe. Mama mmoja alileta kipande cha kiazi. "Ni cha mwanangu wa kwanza," akasema, akalitaja jina ambalo halikuwa limetajwa kwa miaka kumi na miwili. Mwanamume mmoja alileta tumbaku. Hata majina ya waliokwisha zamani yakaanza kusikika mchana kweupe. Bakuli halikuwahi kukaa tupu tena isipokuwa baada ya nguchiro kupita. Nguchiro akanenepa, watoto wake wakanenepa, na Lushinge akachoka kufuta nyayo.

Basi hao ni wawili kwa mkupuo: mtoto aliyeuliza na bibi aliyejibu. Washikeni wote, msimwangushe yule mdogo.

Mwaka ule mvua ikagoma. Uwele ukakauka ukiwa umefika magotini. Ilumba walikuwa na ghala moja la wote, na mgawaji wake aliitwa Sayi, mtu mwenye sura ngumu na mkono usiopendelea mtu. Kila asubuhi Sayi alipima kwa kibuyu, kila nyumba kibuyu kimoja. Na kila asubuhi alikuta nafaka imepungua kuliko alivyoiacha. Akaziba tundu, likatobolewa jingine. Akaweka mlinzi, mlinzi akanenepa. Akambadilisha, wa pili naye akanenepa. Akahesabu siku zilizobaki, akaona kwamba nafaka itakwisha kabla ya mvua, na watakaotangulia kufa ni watoto. Alikaa mlangoni mwa ghala, mtu mzima, akalia.

Ndipo akaona jambo. Watu walewale waliokuwa wanaiba ghalani, walikuwa wanapeleka tonge kwenye bakuli la Nyanzobe, na hakuna hata mmoja aliyeiba humo. Bakuli liko wazi, halina mlinzi, njaa imekaba kila mtu koo, na hakuna mkono uliothubutu.

Sayi akawaita watu, akasimama juu ya mwamba wa kupuria.

"Yule Mwenyeji aliyempokea mtoto wa Nyanzobe," akasema, "ndiye atakayetupokea sisi sote. Kila mmoja wetu atapiga hodi kwake. Mnadhani haoni? Anaona nani anakula chakula cha mtoto wa mwenzake. Na siku ukipiga hodi, atakuuliza."

Basi.  Kesho asubuhi palikuwa na vikapu saba vya mtama mlangoni mwa ghala, havina mwenyewe. Wizi ukakoma. Mvua iliporudi, Ilumba hawakuwa wamezika hata mtoto mmoja kwa njaa.

Huyo ndiye wa mwisho. Mshikeni naye, hata kama humpendi.

Baada ya mavuno Sayi akaja kwa Nyanzobe na wanaume wanne na machela.

"Nyanzobe, tumejenga kibanda pale ghalani. Bakuli linahamia huko, watu wote walifikie."

"Haliendi popote," akasema Nyanzobe.

"Si lako peke yako tena."

"Ni la mwanangu."

Wakavutana maneno hadi kelele zikawafikia wazee wa baraza. Wazee wakaja, wakalishika bakuli, wakaligeuza, wakaiona alama ya kidole cha mtoto. Wakakiri lililojulikana na wote, kwamba mila ilivunjwa na bakuli halikuvunjwa. Wakanong'onezana muda mrefu. Kisha msemaji wao akasema:

"Bakuli la aliyekwisha halina mwenyewe, ndiyo maana linavunjwa. Hili limeishi. Sasa lazima liwe na mwenyewe, mmoja, atakayelitunza na kukaa nalo nyumbani kwake, na anayetaka kumsemesha Mwenyeji atapita kwake. Leo, kivuli cha ghala kitakapougusa mwamba, tutataka jina la mtu huyo. Tukikosa jina moja, tutafuata mila. Tutalivunja."

Nyanzobe alilifunika bakuli kwa viganja. Hakuwa na kitu kingine cha Minza. Nguo zilizikwa naye. Alichobakiwa nacho ni kile kishimo cha kidole ukingoni.

Bakuli likawekwa juu ya mwamba. Jiwe likawekwa pembeni yake. Watu wakakusanyika, na kivuli cha ghala kikaanza kutambaa.

Sayi akatangulia. "Sina ubaya na mama huyu. Lakini niwaulize: bakuli lilipokaa uani kwake, lilimshibisha nani? Mimi ndiye niliyelifanya lilishe watoto wenu. Watazameni, hao hapo, wako hai. Isitoshe, siku ile Nyanzobe alileta bakuli gani mwambani? Alileta lake, ndiyo maana anakula kiganjani. Aliyevunjiwa bakuli amekwisha. Aliyekwisha hamiliki kitu."

Watu wakaguna. Ni sheria, hakuna aliyeweza kuipinga.

Bibi Kwandu akasimama kwa fimbo yake. "Sayi, uliwatisha watu kwa Mwenyeji. Nani alikupa huyo Mwenyeji? Kabla yangu hapo palikuwa na bakuli tupu na mwanamke anayelia. Mimi nilimwona mtoto. Sikutunga. Ameota jino, nililiona. Kama ndoto ni yangu na jibu ni langu, bakuli ni la nani?"

Holo akajipenyeza katikati ya miguu ya watu. "Na mimi! Bibi alisema 'mahali' tu. Mimi ndiye niliyeuliza kama yuko peke yake."

Watu wakacheka. Ninyi pia mnacheka. Mimi sicheki, maana nikiliondoa lile swali lake, sioni Mwenyeji angeingilia wapi.

Wakamtazama Lushinge, kwa kuwa alikuwa amesimama kama mtu mwenye neno. Lakini kabla ya kujibu, alimvuta Nyanzobe pembeni, nyuma ya ghala.

"Shemeji," akasema, "kuna kitu nimekuficha. Lile bakuli... anayekula ni..."

"Nguchiro," akasema Nyanzobe. "Ana watoto wawili, mmoja anachechemea."

Lushinge akaketi chini.

"Siku ya tatu nilijificha nikamwona. Nililia, halafu nikacheka, cheko la kwanza tangu msiba. Bakuli la mwanangu linalisha watoto wa mtu. Siku ya nne nikakuona wewe na tawi lako. Nikasema moyoni, kumbe mzigo huu siubebi peke yangu."

"Kwa hiyo wewe huamini?"

"Shemeji, nguchiro namwona. Na kila ninapopakua, Minza yupo, naye namwona. Vyote viwili naviona. Usinichagulishe."

Wakarudi. Lushinge akasimama mbele ya baraza na kusema, "Nina haki na bakuli hili. Huenda ni kubwa kuliko zenu. Lakini nikiitaja tu, hakuna atakayelitaka tena bakuli, na ghala..." Hakumaliza. Wazee wakadhani nyuki wamemuuma kichwani. Lakini sisi tunajua. Kwa mwaka mzima alishika tawi kila siku, na angeacha siku moja tu, pasingekuwa na Mwenyeji wala hodi wala vikapu saba.

Akabaki Nyanzobe. Hakwenda katikati. Alisema akiwa amesimama palepale.

"Mzee Sayi, umesema kweli, bakuli lililovunjwa ni langu. Kwa mila yetu mimi nimekwisha tangu mwaka jana. Mbona basi mnanisikia? Nimelima nanyi. Nimepika. Nimelia mbele yenu. Kama aliyekwisha anaweza kusimama hapa akasema nanyi, msiniambie tena kwamba kukwisha ni kukwisha. Mimi simtaki Mwenyeji wenu, mgawaneni mnavyopenda. Mimi nataka pale mwanangu alipoweka kidole."

Watu wakainamisha vichwa. Hata Sayi alitazama chini.

Nimeipeleka hadithi hii sehemu nyingi, na kila mahali wanagombana. Kuna mmoja alisema apewe nguchiro, maana ndiye aliyekula. Huyo tulimtoa nje. Lakini mama mmoja, mnyamavu, aliniuliza, "Na nguchiro je, alitumwa na nani?"  Sijui. Nawaambia wazi kwamba sijui, na ndiyo maana naendelea kuuliza.

Haya, kazi ni yenu. Mama ambaye mkono wake ulipakua. Shemeji aliyefuta nyayo akanyamaza. Mtoto aliyeuliza. Bibi aliyeota akajibu. Mgawaji aliyeligeuza jibu likawa sheria, na watoto wakapona. Ukimpa Sayi, unamnyang'anya mama kidole cha mwanawe. Ukimpa mama, anayetaka kumsemesha Mwenyeji atapita kwa mtu asiyemtaka. Ukimpa bibi, unaipa ndoto moja mlango wa watu wote. Ukimpa Lushinge, itabidi useme kwa nini.

Bakuli liko juu ya mwamba. Msemaji wa baraza ameshainua jiwe. Kivuli cha ghala kimebakiza unene wa kidole gumba, kidole cha mtoto, si cha mtu mzima.

Msinitazame mimi. Je, nani alistahili bakuli la Minza?